Ushirika wa Kidijitali Wahitaji Vijana Viongozi, Si Makarani wa Mashine

Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Sina nia ya kuwapinga wahenga. Hata hivyo, walisema hayo kabla ya maziwa ya mkulima kupimwa kwa mizani ya kielektroniki na hesabu yake kutumwa kwa arafa. Siku hizi neno laweza kuharibika mbele ya wazee, nao wasitambue kwamba limeharibika. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba vyama vya ushirika vya Kitale na Bungoma vinavyotumia teknolojia vinawahitaji vijana katika viti vya uongozi, na kwamba kazi ya kwanza ya uongozi huo ni kuifanya hesabu ya chama ieleweke kwa lugha ya mwanachama. Hapo ndipo suala hili linapotuhusu sisi wana wa Kiswahili.

Nianze nyumbani. Mama yangu hufuga ng'ombe watatu karibu na Kiminini, kwenye barabara kuu ya kutoka Kitale kuelekea Webuye. Kila asubuhi hupeleka maziwa kwenye kituo cha chama chao. Zamani karani aliandika kilo kwa kalamu kwenye kadi, naye mama, aliyesoma hadi darasa la nne, aliijumlisha kadi hiyo mwenyewe bila kumsumbua mtu. Chama kiliponunua mizani mipya, kadi iliondolewa. Mwisho wa mwezi mmoja alinipigia simu: "Mwanangu, wewe uliyesoma, nisomee hiki kitu. Nimepeleka maziwa mwezi mzima, mbona pesa zimekuwa hivi?"

Arafa ilikuwa ya Kiingereza, tena maneno yake yamefupishwa. Nilitambua kilo na malipo. Katikati kulikuwa na makato mawili ambayo mimi, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, sikuyaelewa. Nilipofika likizoni tulikwenda kwa karani, kijana wa umri wangu. Alitazama tarakilishi yake, akatueleza kwa upole kwamba kato la kwanza ni la kuongeza hisa, kama ilivyoamuliwa mkutanoni. Kato la pili lilikuwa la chakula cha ng'ombe ambacho mama hakuwahi kukichukua. Tarakimu mbili za nambari ya uanachama zilikuwa zimebadilishana mahali, na deni la mtu mwingine likamwangukia yeye.

Katika mkutano mkuu wa mwaka kijana yule aliinuka kuwaonya wanachama kwamba kosa hilo laweza kujirudia, na kuwaomba kila mmoja akague makato yake. Mwenyekiti alimkatiza: "Kijana wangu, kazi yako ni mashine. Mambo ya hesabu tuachie wazee." Akaketi. Mama alirudishiwa pesa zake baada ya miezi miwili. Wangapi walikatwa vivyo hivyo pasipo kuwa na mtoto wa kumpigia simu, hakuna ajuaye. Karani mwenyewe aliacha kazi mwaka uliofuata, na sasa huendesha bodaboda mjini Kitale.

Kosa la mwenyekiti si ukali, kwani alizungumza kama mzazi. Kosa lake ni kudhani kwamba mashine na hesabu ni mambo mawili. Katika chama ambacho kila kilo na kila shilingi huingizwa kwenye programu, anayeishika mashine ndiye anayeishika hesabu. Matokeo yake ni kwamba mwenye dhamana hana ujuzi, na mwenye ujuzi hana dhamana. Mwenyekiti amechaguliwa na anapaswa kuwajibika kwa mambo asiyoweza kuyakagua. Karani anaweza kuyakagua, lakini hakuchaguliwa na mtu, na akinyamaza hakuna wa kumuuliza. Hali hii ni hatari kwa chama hata pale ambapo wote wawili ni waaminifu.

Mgala muue na haki umpe. Wazee wetu wana sababu ya kuwa na hofu. Kampuni ya maziwa ya KCC, iliyoanzishwa na walowezi mwaka 1925, ilidhoofika katika miaka ya 1990 hadi wafugaji wakabaki wakidai, kabla ya serikali kuifufua mwaka 2003. Aliyewahi kumwaga jasho bila malipo hawezi kumkabidhi funguo kijana wa jana. Aidha, baadhi yetu vijana tunachangia kudharauliwa: tunataka faida ya leo leo, na tukiulizwa swali tunajificha nyuma ya istilahi za Kiingereza. Lakini umri nao si kinga. Mapema mwaka 2025, ukaguzi wa hesabu za KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo nchini, ulidai kwamba zaidi ya shilingi bilioni 13 za vyama zilikuwa zimepotea. Hakuna mvi zilizotosha kuziba pengo hilo. Chama hulindwa na wanachama wanaoielewa hesabu yao.

Fikra hii si ngeni katika ushirika. Watu 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, walikuja kutenga sehemu ya ziada yao kwa elimu ya wanachama. Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika ulipoweka misingi saba mwaka 1995, msingi wa tano ulihusu elimu, mafunzo na habari. Kwa hiyo arafa asiyoielewa mwanachama inauvunja msingi wa ushirika wenyewe.

Sasa tuvuke tuingie Bungoma, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako mjomba wangu hulima kahawa karibu na Chwele. Tangu mwaka 2023, malipo ya kahawa inayouzwa katika mnada wa Nairobi hupitia mfumo wa malipo ya moja kwa moja unaoendeshwa na Benki ya Ushirika, unaomgawia kila mhusika chake: mkoboaji, wakala, chama na mkulima. Safari ya pesa imefupika, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, mkulima bado anauliza kilichokatwa na sababu yake. Msimu wa malipo ukifika, binamu yangu huketi chini ya mwembe na majirani, akasoma simu moja baada ya nyingine na kuyafafanua makato kwa Kiswahili na Kibukusu. Wote humwamini. Lakini binamu huyo hawezi kugombea hata kiti cha kamati, kwa kuwa si mwanachama. Uanachama hufuata mibuni, na mibuni yote ni ya baba yake. Katiba ya mwaka 2010 humhesabu mtu kuwa kijana kuanzia miaka 18 hadi kabla hajatimiza 35. Huenda binamu akaumaliza ujana wake akiwa msomaji wa simu za watu.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, wazazi wawagawie vijana wao sehemu ya mibuni au ng'ombe kwa jina, ili waingie chamani wakiwa wanachama kamili na wachaguliwe kwa kura, wala wasiteuliwe kwa hisani. Pili, kila chama kimpe mwanachama haki ya kupokea taarifa zake kwa Kiswahili, na taarifa ya fedha isomwe kwa Kiswahili katika mkutano mkuu. Katiba imekwisha kukitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.

La tatu linatuelekea sisi, wanafunzi wenzangu pamoja na wahadhiri wetu. Tumekesha tukibishana iwapo tuseme rununu, simutamba au simu ya mkononi, ilhali mama yangu, aliyeishika simu hiyo, hakujua amekatwa nini. Chama chetu kiandae faharasa fupi ya maneno ya ushirika: hisa, makato, riba, ziada, mgao. Kisha tuipeleke Kiminini na Chwele, tuisome mbele ya wakulima, tukubali kusahihishwa nao. Neno ambalo mkulima halitumii tulifute, hata kama limetoka katika kamusi.

Kadi ya mama bado imo kabatini. Huitoa mara moja moja na kuijumlisha. Anasema haoni haja ya kurudi kwenye kalamu. Anachotaka ni kuisoma mashine kama alivyoisoma kadi ile, na kumjua wa kumuuliza pale hesabu inapokataa. Mtu huyo awe amechaguliwa naye, na amjibu kwa lugha anayoielewa. Penye wazee hapo, na penye vijana pia, neno halitaharibika.