Mdomo mkavu baada ya mionzi: dawa mpya na saumu ya mgonjwa
Mgonjwa wa saratani ya koo anayeteremka Same kufuata mionzi Ocean Road hukutana huko na ndugu zetu wa Unguja na Pemba, shida moja. Mionzi huua saratani, lakini huunguza na tezi za mate. Tonge halishuki, hata kusoma Qur'ani kwa sauti ni taabu. Sasa inajaribiwa tiba ya RNA, inayozipa tezi maelekezo ya kuunda akwaporini, protini inayopitisha maji. Bado ni majaribio. Anayekuuzia leo anakuibia. Na atakayealikwa kujaribiwa aelezwe madhara kwanza, ana haki ya kukataa. Ramadhani ikimkuta, na daktari muaminifu akasema kufunga kunamdhuru, ale. Akipona atalipa, asipotarajiwa kupona atamlisha maskini kwa kila siku.