Kabla ya Kurekodi Upya

Sauti ikianza kukatika au kukwaruza ndani ya programu ya kuhariri kama Audacity, wengi hukimbilia kusema kwamba rekodi imeharibika na irudiwe. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, na hugharimu kazi nzuri isiyo na dosari. Kinachotoka kwenye spika si faili lenyewe. Programu husoma sampuli za sauti kutoka kwenye diski, huziweka katika akiba ndogo ya muda iitwayo bafa, kisha dreva, yaani programu inayoiendesha kadi ya sauti, huzichukua na kuzifikisha kwenye kadi hiyo. Lolote kati ya hayo linaweza kukwama huku faili likiwa zima kabisa.

Tuangalie bafa, kwa kuwa ndiyo chanzo cha mikwaruzo mingi. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 huipa kompyuta chini ya milisekunde 3 kuandaa kipande kinachofuata. Ikichelewa kidogo tu, pengine kwa sababu antivirusi inakagua diski wakati huohuo, pengo hilo husikika kama mlio mkavu. Bafa ikipanuliwa hadi sampuli 1,024, muda hufika milisekunde 21 hivi, na mara nyingi kelele hukoma bila faili kuguswa. Kasi ya sampuli nayo hupotosha: faili la 44,100 likichezwa kana kwamba ni la 48,000, maneno hukimbia na sauti hupanda kwa takriban asilimia 9, hata msemaji mtulivu akaonekana ana papara. Na anayetumia vipokea sauti vya Bluetooth ajue kwamba programu ikifungua maikrofoni ya vipokea sauti hivyo, vingi huhamia hali ya kupiga simu, na muziki mzuri ukawa mwembamba ghafla.

Jaribio la kutofautisha ni jepesi. Toa kipande chenye shaka kiwe faili la WAV, ukisikilize kwa programu nyingine, na ikiwezekana kwenye kompyuta nyingine. Mkwaruzo ukitokea sekunde ileile kila mara, dosari imo ndani ya rekodi. Ukihamahama au ukitoweka, rekodi haina kosa, na la kukagua ni mipangilio.

Watangazaji watasema taarifa ya habari ya saa moja usiku haingoji majaribio. Lakini jaribio hili ni la dakika chache, ilhali kumrudisha mgeni studio kunaweza kula siku nzima, na simulizi ya mzee aliyekwisha kufariki hairudishwi kwa gharama yoyote. Wengine watasema dawa ni kununua kompyuta yenye nguvu zaidi. Nguvu husaidia, sikatai. Ila mashine mpya iliyopangiwa kifaa cha kutolea sauti kisicho sahihi itakaa kimya kama ile ya zamani. Pingamizi lenye uzito ni kwamba kompyuta iliyolemewa wakati wa kurekodi huacha mapengo ya kudumu ndani ya faili. Ni kweli, na hapo kurudia ni halali, mradi bafa irekebishwe kwanza. La sivyo rekodi ya pili itatoka na mapengo yaleyale.