Karatasi ya Maabara si Kadhi

Mke aendapo kliniki ya wajawazito kwa mara ya kwanza, hapa Tanzania na kwa jirani zetu wa Kenya pia, hutolewa damu ikapimwa virusi vya Ukimwi na kaswende. Na kwa kuwa mumewe aghalabu yuko kazini, au barazani, au popote pale isipokuwa kwenye lile benchi la kungojea, hutukia kwamba habari ya maradhi ya watu wawili humfikia mmoja peke yake, naye akairudisha nyumbani kama aliyebeba kaa la moto kiganjani. Hapo ndipo dhuluma ianzapo, kwani katika nyumba nyingi aliyetangulia kujua huhesabiwa kuwa ndiye aliyetangulia kukosa.

Sitetei zinaa, wala sisemi kwamba maradhi haya huokotwa njiani. Kisonono kimtokacho mwanamume kwa usaha na maumivu, mara nyingi kabla juma halijaisha tangu alipokipata, ni habari ya juzi, na mwenye nacho ajua alikotoka. Lakini kaswende ina hila. Kidonda chake cha kwanza, kitokeacho baada ya majuma matatu hivi, hakiumi, na pengine huwa mahali pasipoonekana. Hupoa chenyewe, vikafuata vipele navyo vikatoweka, kisha maradhi yakajificha mwilini miaka kadha wa kadha pasi na dalili, hata mtu akaoa au akaolewa, akausahau ujana wake wote. Tena kile kipimo cha haraka cha kliniki hutafuta kinga ambayo mwili umejiwekea, si vijidudu vyenyewe, na kinga hiyo aghalabu hubaki damuni umri mzima hata kwa aliyekwisha tibiwa akapona. Ndiyo sababu mganga mwangalifu huuliza kwanza kama umewahi kuchomwa sindano zake, na huenda akataka kipimo cha pili.

Wazee wa pwani waliosadiki tego waliamini kwamba ugonjwa wa mzinzi ni mtego wa mwenye mke, na kwamba mwili wa mwizi utamfichua. Sisi tunawacheka, ilhali tumeifanya maabara kuwa tego letu. Sheria ya Kiislamu imemtaka amtuhumuye mwanamke mwenye kujihifadhi kuwa amezini alete mashahidi wanne, la sivyo apigwe yeye viboko 80. Na mume asiye na mashahidi hana budi aape mara nne, na ya tano ajiapize laana ikiwa asema uongo. Sheria iliyochelea kiasi hicho kumharibia mtu jina, sidhani ingaliridhika na kijistari chekundu juu ya kipimo.

Kilichonishangaza zaidi, katika niliyoyasikia kwa watu wazima wenzangu, ni mume ajionaye na dalili, akaenda duka la dawa kwa siri, akapona, akarudi kitandani kwa mke ambaye hakuambiwa wala hakutibiwa. Maradhi humrudia, naye sasa, kwa yakini kabisa, anamwita mkewe mhuni! Nyumba ya namna hiyo imevunjwa na ile siri ya dukani kabla haijavunjwa na ugonjwa.

Kwa hiyo naona si haki muuguzi kumkabidhi mwanamke kikaratasi cha kumwita mumewe kisha akamwachia mzigo wote. Waitwe wawili, waelezwe pamoja, na jambo la kwanza kuelezwa liwe hilo la muda: kwamba kipimo hakitaji mwaka wala mtu. Na yule amwogopaye mumewe kwa sababu ya kipigo atibiwe kwanza, asiharakishwe kusema.

Isipojulikana kaswende imeingia lini, dawa yake ni sindano tatu za penisilini, moja kila juma. Maswali ya zamani, na mengine ni ya haki kabisa kuulizwa, yanaweza kungoja majuma hayo. Aliye tumboni hawezi, kwani ugonjwa huu usipotibiwa humfikia humo humo, na huweza kumuua kabla hajazaliwa. Basi mume na ashike njia ya kliniki na mkewe mara zote tatu, na wakiwa pale benchini, zamu yao haijafika, aanze yeye kusema ya kwake.