Kiwanja Kipya na Deni Lake

Wako wasemao ya kuwa mji ukipokea mashindano makubwa ya dunia, fedha za wageni zitafurika na kila mwenyeji atapata fungu lake. Sisi twakataa. Mgeni hula siku chache akaenda zake. Kiwanja hubaki, na deni lake hubaki nacho.

Tazameni Montreal, mji wa Kanada uliopokea michezo ya Olimpiki mwaka 1976. Meya wake, Jean Drapeau, alikuwa amewaambia watu kwamba michezo hiyo haiwezi kuleta hasara, kama vile mwanamume asivyoweza kuzaa mtoto. Basi wageni walifika hali mnara wa kiwanja haujaisha, nao haukuisha hata mwaka 1987. Deni lilipita dola bilioni moja. Serikali ya jimbo la Quebec ikatoza kodi juu ya tumbaku, na deni likalipwa hata mwaka 2006, yaani miaka 30. Hivyo maskini mvuta sigara, ambaye labda hakuona hata mbio moja, ndiye aliyelipia mbio za wengine. (Sigara hatuitetei, lakini haki ni haki.)

Watatujibu ya kuwa Los Angeles, mwaka 1984, ilibakiwa na faida ya dola zaidi ya milioni 200. Ni kweli. Walakini mji ule ulitumia kiwanja kile kile cha michezo ya 1932, na wenyeji walikuwa wamekwisha kukataa kwa kura fedha za mji zisitumike. Tena mwishoni hapakuwa na mji mwingine wa kushindana nao, hata wakaweza kuweka masharti yao wenyewe.

Neno hili latuhusu. Mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Kwa ajili ya kiwanja cha Talanta huko Nairobi, cha watu 60,000, mwaka 2025 ziliuzwa hati za mkopo wa shilingi zaidi ya bilioni 44, za miaka 15. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule atakuwa mtu mzima kabla mkopo haujaisha.

Mpira hatuuchukii, vijana wetu wauchezao pasipo viatu wastahili kiwanja. Twauliza tu: kombe likiisha, ni timu gani itakayojaza viti 60,000 kila juma, na kwa kiingilio gani? Wakubwa na waitangaze hesabu hiyo gazetini, mwaka kwa mwaka, hata 2040.