Kijana wa MS, jaribio la dawa na radhi ya mama: jawabu kwa familia ya Sinza



Limetufikia swali kutoka kwa familia ya Kipemba inayoishi Sinza, Dar es Salaam. Kijana wao wa miaka 41 yuko Uingereza, na kwa miaka kadhaa sasa anaumwa maradhi yanayoitwa multipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Hospitali imemwita ashiriki katika jaribio la dawa linaloitwa Octopus. Kabla ya kutia saini alimpigia simu mama yake kutaka radhi. Mama amekataa. Kama alivyotuandikia dada yake, bi mkubwa kasema hakumzaa mwanawe awe panya wa maabara. Shemeji mmoja naye anataka kijana arudishwe Pemba akasomewe, kwa kuwa anaamini haya si maradhi ya hospitali. Nyumba imegawika, na simu za usiku kati ya Sinza na Uingereza zimekuwa za vilio.

Tumeona tulijibu hadharani kwa sababu suala hili si la nyumba moja. Watoto wetu wamesambaa London, Muscat, Dubai na Toronto, na hata hapa nyumbani majaribio ya dawa si mageni.

Tuanze na maradhi yenyewe. MS ni hali ambapo kinga ya mwili, iliyoumbwa kupigana na vijidudu, inashambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Mfano wake ni waya wa umeme uliochunika plastiki: umeme unapita kwa kusuasua, au haupiti kabisa. Mgonjwa anaweza kupoteza uoni wa jicho moja kwa wiki kadhaa, akafa ganzi miguu, akachoka uchovu usiolingana na kazi aliyofanya. Huwaanza watu wengi kati ya miaka 20 na 40, na wanawake huugua zaidi kuliko wanaume. Duniani wanakadiriwa kuwa zaidi ya watu milioni 2.8, na huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta. Kwetu ni maradhi adimu, na kwa kuwa ni adimu, na dalili zake huja na kuondoka, watu wanakuwa wepesi kusema kijana kapigwa au ana jini. Sisi tunaamini jini yupo na ruqya ni haki. Lakini kumsomea mgonjwa Qur-ani hakuzuiwi na picha ya MRI, wala picha ya MRI haizuiwi na kumsomea. Shemeji anaweza kumsomea kwa simu usiku huu huu.

Dawa zinazopunguza mashambulizi ya MS zimekuwepo tangu miaka ya 1990, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu katika orodha ya dawa muhimu. Tatizo ni hatua ile ambapo maradhi hayaji tena kwa vipindi bali yanamla mtu polepole. Hapo dawa ni chache mno, na hapo ndipo alipofika kijana huyu.

Jaribio la Octopus lilianza mwaka 2023 chini ya University College London (UCL), na limekusudia kuchukua hadi wagonjwa 1,200 wenye MS ya hatua hiyo. Dawa mbili zilizoanza kupimwa si sumu ya ajabu. Moja ni metformin, ile ile wanayomeza wazee wetu wenye kisukari, ambayo haikosekani katika duka la dawa lolote kuanzia Sinza Mori mpaka Darajani. Ya pili ni alpha lipoic acid. Wagonjwa wanagawiwa makundi kwa kura: wengine wanapata moja ya dawa hizi, wengine wanapata kidonge kisicho na dawa ndani yake. Mgonjwa hajui amepata kipi, na daktari anayempima hajui.

Hapa ndipo watu wengi wanapokasirika. Wanauliza vipi mgonjwa apewe kidonge kitupu, na je, huo si udanganyifu? Tunasema: ghishi katika sheria ni kumficha mtu aibu ya kitu ili akubali. Hapa mgonjwa anaambiwa kabla ya kutia saini kwamba huenda akapata kidonge kitupu, na anaweza kukataa. Aliyeelezwa akaridhia hakughushiwa. Kura nayo si jambo geni katika dini yetu. Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) alikuwa akipiga kura baina ya wakeze anapotaka kusafiri, kwa sababu kura huondoa upendeleo. Kazi yake katika utafiti ni hiyo hiyo, daktari asiwachague wale anaowaona wazima zaidi kisha akaisifu dawa.

Swali zito zaidi ni kama kundi la kidonge kitupu linanyimwa dawa iliyokwisha kuthibiti. Pale ambapo ipo dawa inayojulikana kumfaa mgonjwa, kumwachisha ili apewe kitu kitupu ni kumdhuru, na madhara huondolewa. Kijana aulize hili kwa maneno ya wazi: je, nitaendelea na dawa ninazotumia sasa? Wakimwambia aache dawa inayomsaidia, asitie saini.

Wako wanaosema kama metformin ni dawa ya kawaida, basi si atumiwe tu kutoka Kariakoo, haja ya jaribio iko wapi? Waangalie yaliyotokea kwa simvastatin, dawa ya kolesteroli. Mwaka 2014 utafiti mdogo wa wagonjwa 140 huko Uingereza ulionesha kwamba ubongo wa waliomeza dawa hiyo ulisinyaa polepole zaidi. Watu walifurahi. Ukafanywa utafiti mkubwa wa wagonjwa 964, wenye kura na kidonge kitupu, na matokeo yalipotoka mwaka 2024 ilionekana haikuzuia maradhi kuendelea. Bila kundi la kidonge kitupu, leo maelfu ya wagonjwa wangekuwa wanameza kitu kisichowasaidia na kumshukuru daktari.

Na kwa wasomaji wetu wa Pemba, mfano ulio karibu zaidi uko mlangoni kwao. Mwaka 2002 na 2003 ulifanyika kisiwani kwao utafiti mkubwa wa madini ya chuma kwa watoto wadogo, wa mwezi mmoja mpaka miezi 35, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi. Watoto wapatao 24,000 waligawiwa kwa kura, wengine chuma na folic acid, wengine pamoja na zinki, wengine kidonge kitupu. Nani wakati ule angelipinga chuma? Kila kliniki ilikuwa ikisema mtoto mwenye upungufu wa damu apewe chuma. Lakini kamati huru iliyokuwa ikihesabu matokeo iliona waliopewa chuma wanalazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao. Agosti 2003 sehemu ya chuma ikasimamishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na baada yake miongozo ya kuwapa watoto chuma katika nchi zenye malaria ilibadilika duniani kote.

Kisa hiki kinaumiza na kinafundisha kwa pamoja. Kinaumiza kwa sababu wako watoto waliodhurika, na hatuna haki ya kulipita hilo kwa wepesi. Lakini lau si jaribio lile, chuma kingeendelea kugawiwa kwa kila mtoto bila ya kupimwa hali yake, na madhara yake yasingehesabiwa na mtu yeyote. Kila mzazi angesema ni malaria tu, ni kadari. Kilichowaokoa waliofuata ni ile kamati iliyokuwa na mamlaka ya kusema basi.

Tukumbuke pia mwaka 2011, magari yalipopanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Loliondo kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Watu walikunywa bila kuulizwa swali, bila kutia saini, na hakuna aliyewafuata nyumbani kuandika nani kapona na nani kaacha dawa zake akafa. Inatushangaza kwamba mtu huyo huyo aliye tayari kunywa chupa isiyo na jina kwa sababu jirani kaisifu, ndiye anayeogopa dawa inayotolewa chini ya macho ya kamati tatu.

Ama hukumu ya kisheria, Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa lilizungumzia matibabu katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, katika azimio namba 67. Liliweka kwamba utafiti wa kitiba unahitaji ridhaa ya mwenye akili timamu, ridhaa isiyo na shinikizo, kama kwa mfungwa, wala kishawishi cha fedha, kama kwa masikini, na usilete madhara. Kwa watoto na wasio na akili timamu azimio lile lilikuwa kali sana. Mwaka 2006 Baraza lilirudi tena kwenye suala la utafiti, huko Amman, na kuweka vidhibiti kwa urefu. Kwa hiyo anayetuuliza kuhusu mtoto wake mdogo asichukue jawabu hili la mtu mzima akalitumia. Atuandikie peke yake.

Kutokana na hayo, kushiriki kwa kijana huyu ni jambo la mubaha. Akinuia pia kuwafaa wagonjwa watakaokuja, tunataraji ana ujira. Wala hakulazimika. Yule bibi aliyekuwa akishikwa na kifafa, aliyesimuliwa na Ibn Abbas, alihiyarishwa na Mtume baina ya kuombewa apone na kusubiri kwa malipo ya Pepo, akachagua kusubiri. Mwili ni amana aliyokabidhiwa mgonjwa, na khiyari ni yake mpaka dakika ya mwisho: anaweza kutoka katika jaribio siku yoyote, bila kutoa sababu na bila kupoteza matibabu yake ya kawaida. Hilo nalo ahakikishe limeandikwa.

Sasa radhi ya mama. Mtu mzima mwenye akili hahitaji idhini ya mzazi ili atibiwe, na saini yake inatosha. Mama hakukosea kuogopa, lakini radhi isifanywe kufuli. Kumwambia mgonjwa "nikikukatazia na ukaenda, sina radhi nawe" ni kumwongezea maradhi juu ya maradhi. Kijana naye alifanya wema kumpigia simu, na wema huo aukamilishe kwa kumweleza taratibu, si kwa kumwambia "mama wewe huelewi".

Kabla ya saini aulize pia: vidonge vimetengenezwa kwa jelatini ya nini? Vinamezwa mara ngapi kwa siku, na Ramadhani itakuwaje? (Mgonjwa ana ruhusa ya kula, lakini wengi wanapenda kujua mapema.) Damu itakayochukuliwa itahifadhiwa wapi? Akidhurika, nani atalipa matibabu? Na nani nje ya watafiti anaangalia hesabu, kama ile kamati ya Pemba? Kwa atakayeitwa katika jaribio huku nyumbani, aulize kibali: Bara ni cha NIMR, na dawa yenyewe iwe na ruhusa ya TMDA, Zanzibar ni kamati ya maadili iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya, ZAHRI. Asiyeweza kuonesha karatasi hizo, asipewe hata tone la damu.

Kwa dada aliyetuandikia: mwombe kaka yako akutumie zile karatasi za maelezo, ukae na mama siku ya Ijumaa baada ya chakula, umsomee kwa Kiswahili ukurasa mmoja mmoja. Kila atakaposema "na hili je?" liandike, kaka alipeleke kwa daktari wake. Yakibaki maswali ya dini, tutumieni.

Wallahu a'lam.