Sindano Isiyo na Dawa

Yaelekea unamfahamu mtu ambaye kila aamkapo hupiga chafya mfululizo, pua ikamtiririka na macho yakamwasha, hata wenziwe kazini wakamkimbia wakidhani atawaambukiza mafua. Hawezi kuwaambukiza. Ana mzio, ambao wengi wetu huuita aleji. Mwili wake huyadhania mavumbi au chavua za mimea kuwa adui, ukatengeneza kingamwili ziitwazo IgE, nazo zikatua juu ya chembechembe fulani puani. Chavua ikizigusa, chembechembe hizo humwaga histamini, na chafya huanza.

Wataalamu wakawaza: mbona tusizinase hizo IgE zingali ndani ya damu? Wakaunda kingamwili nyingine ya kuzikamata, nayo ni omalizumab.

Kuunda dawa ni jambo moja, kuithibitisha ni jingine. Mwaka 1997 huko Marekani watu 536, wenye umri wa miaka 12 hadi 75, walijaribiwa katika majira ya chavua za magugu ya Ambrosia. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika mafungu manne. Matatu yalidungwa dawa, miligramu 50, 150 au 300. La nne likadungwa sindano isiyo na dawa. Mgonjwa hakujua amepata ipi, wala daktari wake.

Nakiri kwamba niliposoma habari hizi mara ya kwanza nilikunja uso. Mtu anateseka, nawe wamdunga kitu kitupu! Lakini hakuna aliyehadaiwa. Kwa kanuni za majaribio ya namna hiyo, kila mshiriki huelezwa mapema kwamba huenda akaangukia fungu hilo, naye hutoa ridhaa yake. Tena aliyezidiwa aliruhusiwa kumeza vidonge vya kawaida. Isitoshe, chavua hupungua mvua inyeshapo, na mtu akidungwa tu huweza kujihisi afadhali kwa matumaini. Pasipo fungu la nne, nafuu iliyoletwa na mvua ingeandikwa kwa jina la dawa.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2001. Kwa kipimo cha mateso ya pua kinachoanzia sifuri hadi 3, waliodungwa miligramu 300 walikuwa na wastani wa 0.75, na wasiopata dawa 0.98. Nafuu ilikuwapo, msomaji, ila si ya miujiza.

Marekani iliiruhusu dawa hiyo mwaka 2003, lakini kwa ajili ya pumu. Japani, ambako chavua za miti ya sugi huwatesa watu wengi kila majira ya kuchipua, iliiruhusu mwaka 2019 kwa mafua makali ya mzio, kwa wale tu ambao dawa za kawaida zimewashinda. Sindano za kwanza hudungwa chini ya uangalizi wa daktari, kwani mara chache yenyewe huweza kuleta mzio wa hatari. Nayo haiung'oi ugonjwa: sindano zikikoma, IgE hurudi taratibu puani, zikangoja chavua za mwaka unaofuata.