Kabla hamjafuta video ya bibi

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Newala. Bibi yao alitutoka mwezi wa sita. Shemeji yangu wa Dar es Salaam alimrekodi Idi ya mwaka jana kwa simu yake nzuri, akatuwekea kwenye memori kadi. Tukiifungua kwenye simu yetu, sauti ya bibi inakwenda ila picha imeganda, na simu inachemka kama pasi. Mume wangu anasema kijana wetu kaiharibu simu kwa magemu. Kamnyang'anya, na sasa ni wiki ya pili hawasemeshani. Anataka pesa ya korosho ikiingia tununue simu nyingine, na hiyo kadi aifute, eti imeshaharibika. Shemeji naye kabadili simu, ile video hana tena. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Nilikujibu siku ileile kwa maneno mawili tu: msifute kadi. Leo nakujibu kwa kirefu, maana najua nyumba nyingi zenye ugomvi wa namna hii.

Kwa bahati nilikuwa na safari ya kupanda Newala kwenye arobaini, nikapita kwao. Simu niliiona. Haikuwa na tatizo lolote, na video nayo ilikuwa nzima.

Mnakumbuka ving'amuzi? Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia Desemba 31, 2012, televisheni nzima kabisa zikawa hazionyeshi kitu. Hazikuwa mbovu. Matangazo yalikuwa yanakuja yamefungwa kwa namna ambayo hazikuweza kuifungua, mpaka ukanunue king'amuzi.

Simu nayo ina king'amuzi chake. Ni kidude kidogo kilichomo ndani ya chipu, kazi yake kubwa ni kufungua video. Lazima zifungwe, kwa sababu video kubwa ya siku hizi isipofungwa, dakika moja tu inamaliza memori kadi ya GB 16. Sasa kuna namna nyingi za kufunga. Ya zamani inaitwa H.264, ni ya mwaka 2003, na karibu kila simu janja inaifahamu. Ya 2013 inaitwa H.265, inabana zaidi, video ya ubora uleule inachukua kama nusu ya nafasi. Simu nyingi za bei kubwa zinarekodi kwa hiyo. iPhone zimeanza tangu 2017.

King'amuzi kikiifahamu video, inacheza vizuri, simu inabaki ya baridi na chaji inadumu. Kisipoifahamu, au ikiwa kubwa kuliko uwezo wake, programu ya kuchezea video inautupia mzigo ubongo mkuu wa simu, ambao tayari una kazi nyingine zote. Ni sawa na kumwambia mama atwange, apike, anyonyeshe na apokee wageni kwa wakati mmoja. Sauti ni nyepesi, hiyo itapita. Picha inabaki nyuma, betri inakwisha, simu inaungua mkononi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa bibi. Shemeji alirekodi kwa 4K, yaani kila picha ina nukta zaidi ya milioni 8, na kila sekunde ina picha 30. King'amuzi cha simu ya Newala kinaishia kwenye nukta kama milioni 2. Kijana na magemu yake hawahusiki hata kidogo. Na simu mpya ya bei ileile ingeweza kuganda vilevile, huku pesa ya korosho ina kazi zake Januari, wenye watoto wanaoingia kidato cha kwanza mnajua.

Mnaotumia MX Player, tazameni juu ya kioo video inapocheza. Mkiona HW, king'amuzi ndicho kinachofanya kazi. Mkiona SW, ni ubongo. Kwa kawaida acheni HW. Picha ikiwa ya kijani au nyeusi, jaribuni SW, mara nyingine inasaidia kwa video ndogo. Kwenye VLC uchaguzi huo umo ndani ya mipangilio. Uacheni ujiamulie wenyewe. Njia zote mbili zikigoma, jaribuni faili hilohilo kwenye simu nyingine au kompyuta kabla ya kusema limeharibika.

Tulinakili kwanza ile video kwenye simu yangu, ndipo nikateremka na kadi hadi Masasi. (Nakala moja haisafirishwi kwa basi, hilo nimejifunza kwa machozi yangu mwenyewe.) Fundi simu mmoja pale sokoni akaiweka kwenye kompyuta, akatengeneza nyingine ndogo ya H.264. Ile kubwa hatukuigusa. Wajukuu watakuwa na simu zenye nguvu siku moja, wataitaka ilivyo.

Na ninyi mlioko Dar, mkituma video za nyumbani kwa WhatsApp, tumeni mara mbili. Ikienda kama video ya kawaida, WhatsApp yenyewe inaipunguza, wazee wataiona hapohapo. Ikienda kama dokumenti inafika ilivyo, hiyo ni ya kutunza.

Mama ameniandikia juzi. Waliitazama jioni, wote wamekaa kwenye mkeka, bibi anasimulia walivyokuwa wakiteremka bondeni kuteka maji, halafu katikati anamgombeza shemeji aache kumulika uso wake. Walirudia pale mara tatu. Kijana karudishiwa simu. Baba yake hajatamka neno radhi bado, ila jana kamletea chaja mpya, akaiweka mezani na kutoka nje.